Kurusha faili kubwa bila bando: Bluetooth itambulishe, Wi-Fi ibebe

Video ya sendoff yenye gigabaiti nne ikirushwa kwa Bluetooth kutoka simu ya mpiga picha kwenda simu yako, mtakaa hapo zaidi ya saa nne. Simu hizohizo mbili, juu ya meza hiyohiyo, zikitumia Wi-Fi zinaweza kumaliza kazi kwa dakika mbili au tatu. Njia zote mbili hazigusi bando hata kidogo. Kinachotofautiana ni redio iliyobeba mzigo.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wanaohamisha vitu vizito mara kwa mara: wapiga picha za harusi, viongozi wa kwaya wanaogawa rekodi kwa waimbaji, walimu wanaosambaza video za masomo mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, na yeyote aliyenunua simu mpya akiwa na picha za miaka kwenye ile ya zamani. Wengi wao bado wanafungua Bluetooth kwa mazoea, au wanatuma kwa WhatsApp na kulipia bando mara mbili, anayetuma na anayepokea. Wote wawili wana Wi-Fi mfukoni.

Kwa nini Bluetooth mpya haikusaidii

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bluetooth inapotuma faili hutumia upande wake wa zamani. Toleo la 2.0 lenye EDR (nyongeza ya kasi), la mwaka 2004, lilifikisha kasi ya juu ya megabiti 3 kwa sekunde. Ukiondoa sehemu inayoliwa na mawasiliano yenyewe, faili yako hubakiwa na takriban megabiti 2, yaani kama kilobaiti 250 kwa sekunde, maana biti nane ni baiti moja. Tangu hapo kasi ya kutuma faili haijapanda. Boksi la simu linaweza kuandikwa Bluetooth 5.0 au 5.3, muuzaji akakuhakikishia kuwa hiyo ndiyo ya kasi, na bado faili ikatembea kwa mwendo wa mwaka 2004.

Toleo la 5, lililotoka Desemba 2016, lilifikisha kasi ya megabiti 2 katika upande wa pili wa Bluetooth, ule wa matumizi madogo ya umeme, unaotumiwa na saa za mkononi, vipimo vya mapigo ya moyo na vifaa vingine vidogo. Umbali mrefu unaotangazwa nao hupatikana kwa kushusha kasi, hadi kilobiti 125 kwa sekunde. Ni maendeleo ya kweli, ila hayakukusudiwa video yako.

Waliounda Bluetooth waliliona tatizo hili mapema. Aprili 2009 walitoa toleo la 3.0 lenye HS, yaani kasi ya juu: Bluetooth ingefungua mazungumzo, kisha data nzito ipite kwenye redio ya Wi-Fi kwa kasi ya hadi megabiti 24. Njia hiyo haikuenea, na mwaka 2021 iliondolewa rasmi katika toleo la 5.3. Wazo lenyewe liliendelea kuishi kwingine. Oktoba 2010 Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni zinazosimamia Wi-Fi, ilianza kuthibitisha vifaa vya Wi-Fi Direct, vinavyoungana moja kwa moja bila ruta katikati. Apple ikaleta AirDrop, kwanza kwenye Mac mwaka 2011, kisha kwenye iPhone mwaka 2013. Google ikaleta Nearby Share mwaka 2020, na Januari 2024 ikaiunganisha na Quick Share ya Samsung chini ya jina hilo la Quick Share. Zote zinafanana kwa ndani: Bluetooth huzitafuta simu na kuzitambulisha, halafu Wi-Fi inabeba.

Ndiyo maana programu hizi hukuomba uwashe vyote viwili. Ukizima Bluetooth, simu hazionani. Ukizima Wi-Fi, mzigo unakosa barabara.

Hatua ya kwanza: jua simu yako ina Wi-Fi gani

Kabla ya kupakua programu yoyote, tafuta mstari wa Wi-Fi kwenye boksi la simu au kwenye ukurasa wa sifa zake mtandaoni. Utaona maandishi ya mtindo wa 802.11 yakifuatiwa na herufi.

Ukiona b/g/n peke yake, kwa kawaida simu hiyo ina bendi (kundi la masafa ya redio) ya gigahezi 2.4 tu. Simu nyingi za bei ya chini ziko hapa. Simu ya namna hiyo yenye antena moja huunganishwa kwa megabiti 72 kwa sekunde, na mkononi utapata kama megabaiti 4 hadi 6 kila sekunde. Video yetu ya gigabaiti nne itachukua takriban robo saa. Ni mbali sana na zile saa nne.

Ukiona ac, inayoitwa pia Wi-Fi 5, simu ina bendi ya gigahezi 5. Kwa antena moja muunganisho unafika megabiti 433, na kasi halisi ya kuhamisha faili mara nyingi ni kama megabaiti 25 hadi 30 kwa sekunde. Ukiona ax, yaani Wi-Fi 6, bora zaidi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kasi hufuata kifaa dhaifu. Simu ya bei kali ikiongea na simu ya gigahezi 2.4, zote mbili zitakwenda kwa mwendo wa ile ya pili. Ukiwa na faili moja ya kugawia watu kumi, waanze wenye simu za gigahezi 5. Nao watasaidia kuwarushia wengine.

Kwenye kompyuta mpakato yenye Windows, fungua dirisha la amri uandike `netsh wlan show drivers`. Angalia mstari unaotaja aina za redio, ukiona 802.11ac au 802.11ax humo, uko vizuri. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zina kadi ya Wi-Fi ya b/g/n tu, hata kama prosesa yake ni nzuri. Adapta ndogo ya USB yenye ac hutibu hilo.

Hatua ya pili: Android kwa Android, tumia Quick Share

Hii imo tayari ndani ya simu nyingi za Android kuanzia toleo la 6. Huna haja ya kupakua kitu.

1. Kwenye simu zote mbili washa Wi-Fi, Bluetooth na huduma ya mahali (location).
2. Zima hotspoti kama ilikuwa imewashwa. Kwenye menyu ya Kiswahili utaikuta kwa jina la mtandaopepe. Zima na VPN.
3. Acha Wi-Fi ikiwa imewashwa, lakini jitoe kwenye mtandao wa ruta, hasa kama ruta hiyo ni ya gigahezi 2.4. Simu nyingi zina redio moja tu ya Wi-Fi. Ikiwa imeshikwa na chaneli ya ruta, hata muunganisho wa simu kwa simu mara nyingi hulazimika kubaki kwenye chaneli hiyohiyo yenye msongamano. Hatua hii ndogo hurukwa na wengi, na ndiyo inayoleta tofauti kubwa.
4. Anayepokea afungue Quick Share kwenye mipangilio na aruhusu kuonekana na kila mtu kwa dakika kumi.
5. Anayetuma achague faili, abonyeze alama ya kushiriki, kisha Quick Share, kisha jina la simu ya mwenzake.
6. Anayepokea akubali. Acheni simu juu ya meza, skrini zikiwa zinawaka, mpaka kazi iishe.

Mkiona mstari wa maendeleo unasogea kwa kilobaiti, muunganisho umebaki kwenye Bluetooth na Wi-Fi haijashika. Sitisheni. Zimeni Wi-Fi pande zote mbili, mkaiwashe tena, mkaanze upya. Msisubiri mkidhani itachangamka katikati ya safari.

Kuhusu Xender na SHAREit: zimeenea sana kwetu, na ni kweli zinakwenda kwa kasi, kwa sababu nazo hubeba kwa Wi-Fi. Hata hivyo siwezi kukushauri uzifanye chaguo la kwanza. Zina matangazo mengi na huomba ruhusa nyingi kuliko kazi inavyodai. Februari 2021 Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilitangaza udhaifu katika SHAREit ya Android ambao ungemwezesha mtu kusoma data za simu au kuendesha msimbo wake humo. Siku chache baadaye SHAREit ilisema imeuziba. Kazi ile inafanywa bure na kitu kilichomo tayari kwenye simu.

Hatua ya tatu: iPhone kwa Android, au simu kwa kompyuta

iPhone kwa iPhone haina shida: AirDrop, kuonekana na kila mtu kwa dakika kumi, basi. Mwishoni mwa 2025 Google ilianza kuwezesha simu yake ya Pixel 10 kubadilishana faili na AirDrop, lakini simu nyingi zilizopo mitaani hazijafika huko. Kwa hizo, tengeneza mtandao wenu mdogo na mtumie programu ya LocalSend. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Pakueni mapema mkiwa na intaneti; baada ya hapo haihitaji intaneti kabisa.

Mtandao wenyewe mtaujenga hivi. Simu ya Android iwe mwenye hotspoti, kwa sababu iPhone mara nyingi hugoma kutoa hotspoti kama data ya simu imezimwa. Kwenye Android hiyo zima data ya simu kwanza. Nasisitiza hapa kwa sababu kompyuta yenye Windows ikiona imepata intaneti inaweza kuanza kuvuta masasisho yake palepale, na bando la wiki likayeyuka huku wewe ukidhani unahamisha picha tu. Data ikiwa imezimwa, hotspoti inabaki mtandao wa ndani usiogusa bando.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya hotspoti utafute neno bendi, uchague gigahezi 5. Simu nyingi huja zikiwa kwenye 2.4 ili vifaa vya zamani viweze kuingia, na mwenyewe hajui kama kuna cha kubadilisha. Kama lazima iPhone iwe mwenye hotspoti, na ni iPhone 12 au mpya zaidi, zima kitufe kilichoandikwa "Maximize Compatibility". Kikiwashwa huilazimisha kukaa kwenye gigahezi 2.4.

Vifaa vingine vikishaunganishwa, huenda simu ikalalamika kwamba Wi-Fi hii haina intaneti, ikuulize kama ubaki. Baki. Ukikataa, itarudi kwenye data ya simu na hamtaonana. Fungueni LocalSend pande zote, mpokeaji aguse ukurasa wa kupokea, mtumaji achague faili na jina la kifaa. Kwenye iPhone kutatokea ombi la kuruhusu programu itafute vifaa kwenye mtandao wa ndani. Ukilikataa, orodha itabaki tupu, na itabidi urudi kwenye mipangilio kulirekebisha.

Kompyuta ya Windows isipoonekana, angalia mtandao huo umewekwa kundi gani. Windows huuweka mtandao mpya kwenye kundi la "Public", na hapo hujificha. Ubadilishe uwe "Private", na uruhusu LocalSend ipite kwenye ukuta wa ulinzi (firewall). Fanya hivyo kwa hotspoti yako mwenyewe tu. Mtandao wa hoteli au mgahawa uache kama ulivyo, maana humo hujui nani mwingine yupo. Na tena mitandao mingi ya wageni huzuia vifaa visionane, kwa hiyo ungehangaika bure.

Kujua kama kweli umepata gigahezi 5, andika kwenye kompyuta `netsh wlan show interfaces`. Namba ya chaneli ikiwa kati ya 1 na 13 uko kwenye 2.4, ikiwa 36 au zaidi, uko kwenye 5. Chini yake kuna kasi ya muunganisho. Gawanya kwa nane kupata megabaiti, kisha chukua nusu yake. Hiyo ndiyo kasi ya kutarajia.

Vitu vinavyopunguza kasi bila kujitangaza

Bendi ya gigahezi 2.4 imejaa. Bluetooth iko humo, ruta za majirani ziko humo, na oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Mkiwa mnasikiliza muziki kwa spika ya Bluetooth huku mnarusha faili kwenye bendi hiyo, vyote viwili vitaumia. Zima spika kwanza.

Diski ya nje ya USB 3.0 nayo huleta shida ambayo wachache wanaijua: hutoa kelele ya redio katika masafa hayohayo, jambo ambalo Intel ililieleza kwa vipimo mwaka 2012. Kama kipanya chako kisichotumia waya huanza kukwama ukichomeka diski, sababu inaweza kuwa hiyo. Sogeza diski mbali kwa waya mrefu kidogo, au hamia gigahezi 5.

Gigahezi 5 kwa upande wake haipendi kuta. Ukuta wa tofali za saruji unaikata vibaya kuliko 2.4. Kaeni chumba kimoja, mita moja au mbili, bila kuishika simu kwa kiganja kizima, maana mwili nao hunyonya mawimbi.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo kizuizi kinachosahaulika kuliko vyote. Redio inaweza kuleta megabaiti 30 kwa sekunde, lakini kadi yenye alama ya Class 10 imeahidi kuandika megabaiti 10 tu. Yenye alama ya V30 au U3 imeahidi 30. Kadi bandia haijaahidi chochote, hata kama imechorwa alama zote. Weka mipangilio ili faili ziingie kwanza kwenye hifadhi ya ndani ya simu, kisha uzihamishie kwenye kadi baadaye kwa wakati wako.

Kuna pia mpaka wa gigabaiti nne. Kadi za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja yenye gigabaiti nne au zaidi. Utaona faili inakwenda vizuri, inafika hapo, inakatika. Unarudia, inakatika palepale. Wengi huilaumu Wi-Fi. Kadi za gigabaiti 64 na kuendelea huja na exFAT, isiyo na mpaka huo. Kama huna, kata video vipande kabla ya kuituma, au ipokee kwenye hifadhi ya ndani.

Na picha elfu mbili ndogo huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye ukubwa sawa, kwa kuwa kila faili ina salamu zake za kufungua na kufunga. Zikusanye kwenye faili moja ya ZIP. Usitarajie zipungue ukubwa, kwani picha za JPEG zimeshabanwa. Faida ni kwamba zinakwenda kama kitu kimoja.

Zima pia hali ya kuokoa betri kwenye simu zote mbili. Simu zilizowekwa kuokoa umeme huua programu skrini ikizima, na uhamishaji hufa nayo.

Ukubwa wa kazi: piga hesabu kabla ya kukaa

Dakika moja ya video ya 1080p hula takriban megabaiti 60 hadi 130, kulingana na jinsi simu inavyoibana. Nusu saa ya hotuba za wazazi ni kati ya gigabaiti 2 na 4. Kwa 4K zidisha karibu mara tatu. Ukijua hivyo utaamua kama kazi ni ya Wi-Fi au ya waya. Mzigo wa gigabaiti mia moja kwenda kwenye kompyuta, chukua waya au diski. Ila angalia: simu nyingi za kawaida zina USB 2.0 ndani ya tundu la Type-C, na hiyo kwa vitendo hutoa kama megabaiti 30 au 40 kwa sekunde. Wi-Fi 5 nzuri inakaribia hapo bila waya.

WhatsApp ukiitumia kwa video ya kawaida huibana na kuiharibu ubora. Ukituma kama hati inabaki ilivyo, hadi gigabaiti 2 kwa faili, lakini bando litalika kwako na kwa mpokeaji. Hiyo iwe kwa mtu aliye mbali.

Kabla ya kuondoka mezani

Rudisha Quick Share au AirDrop ionekane na watu unaowajua tu, au izime kabisa. Ukiiacha wazi kwenye daladala au kwenye ukumbi, mtu usiyemjua anaweza kukuletea picha au faili usiyoiomba. Zima hotspoti. Kama uliipa nywila rahisi kwa ajili ya haraka, ibadilishe leo, kwa sababu simu za wageni zimeshaihifadhi.

Kisha kagua kilichofika. Fungua maelezo ya faili kwenye simu zote mbili ulinganishe ukubwa kwa baiti, si kwa gigabaiti zilizokadiriwa. Cheza video, uivute hadi dakika ya mwisho, usikilize na sauti. Faili iliyokatika mara nyingi hugoma kufunguka kabisa, lakini nyingine hucheza vizuri mwanzoni na kukwama karibu na mwisho. Kwa rekodi isiyoweza kurudiwa, harusi, msiba au ushahidi wa mzee wa familia, nakala ya kwanza isifutwe kwenye simu ya mpiga picha mpaka ya pili imekaa sehemu nyingine mbili: simu yako, na diski au kompyuta.